Ugonjwa Unaorudi Una Tarehe Zake

Kwetu Kusini mwa Tanzania mtoto ana baba yake, lakini ukoo anaufuata wa mama, na jambo likiwa zito huitwa mjomba. Ndivyo walivyoishi Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao katika bonde la Lukuledi na juu ya uwanda wa Makonde wamechanganyika kiasi kwamba nyumba moja yaweza kuwa na watu wa makabila yote matatu. Kwa hiyo dada yangu wa Nanganga aliponitumia ujumbe kwamba nifike, nilijua siitwi kutoa pole. Niliitwa kuamua nini kifanyike kuhusu binti yake, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili.

Mtoto alikuwa anatapika. Kutapika peke yake si habari katika kijiji chenye malaria, kuhara na maji ya kisima. Habari ilikuwa kwamba anatapika siku moja au mbili, anapona kabisa, anarudi shule na kucheza rede kwa wiki kadhaa, kisha anatapika tena, kwa namna ile ile, karibu saa ile ile. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi na nimeona watoto wagonjwa wa kila aina. Ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa utaratibu wa namna hiyo sikuwa nimeuona.

Ulianza alfajiri, mara nyingi saa 10 au 11, watu wote wamelala. Mtoto anaamka uso umepauka, hataki kusema, mate yanamjaa mdomoni, ameshika kitovu. Haichukui muda anaanza kutapika chakula, halafu maji, halafu nyongo ya manjano tumbo likiwa tupu, na bado tumbo linamkamua kila baada ya dakika chache. Hataki taa, hataki kelele, hataki hata harufu ya moshi wa jikoni. Anajikunja mkekani, amegeukia ukutani. Kesho yake jioni anapatwa na usingizi mzito, na akiamka anaomba ugali kwa kisamvu, macho makavu, miguu ina nguvu, yuko tayari kutoka nje.

Nanganga ni njia panda. Barabara itokayo Lindi kwenda Masasi hukutana hapo na ile ya Ruangwa, na mwenye mgonjwa hakosi gari wala bodaboda. Kwa ugonjwa wa ghafla hiyo ni neema kubwa. Kwa ugonjwa unaorudi, ilitutawanya. Safari moja gari lilipatikana la kuelekea Masasi, nyingine la Ruangwa. Mara nyingine ilikuwa usiku na msaada wa karibu ulikuwa duka la dawa muhimu. Mara nyingine wazee walishauri mganga wa kienyeji. Kila mlango uliona siku moja ya ugonjwa. Hakuna mlango ulioona mwaka.

Na kila mlango ulitoa jina. La kwanza lilikuwa malaria, na hapo simlaumu mtu. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini. Mtoto anayetapika huku kwetu lazima atobolewe kidole na kupimwa. Shida ni pale kipimo cha haraka kinaposema hana, na dawa mseto bado inatolewa kwa kuwa hakuna jina lingine la kumpa mzazi aliyesafiri. Baada ya malaria ilikuja taifodi, kwa kipimo cha damu ambacho kinaweza kuonyesha dalili hata kwa mtu asiyekuwa na taifodi kwa wakati huo. Baada ya taifodi ikaja U.T.I., kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo. Mganga naye alitoa jina lake na hirizi yake.

Jambo lililochukua muda mrefu kueleweka ni hili: dawa zote zilionekana zimefanya kazi. Mashambulizi yenyewe yalikuwa yanaisha bila dawa, baada ya siku moja na nusu au mbili. Mtoto akinywa mseto siku ya kwanza, siku ya pili anapona, na mseto unapata sifa. Akipigwa sindano ya taifodi, anapona, na sindano inapata sifa. Akifungwa hirizi, anapona, na mganga anapata kuku wake. Ugonjwa unaokwisha wenyewe humfanya kila tabibu aonekane mjuzi, na kwa sababu hiyo hakuna anayerudi kuuliza kama jina alilotoa lilikuwa la kweli. Mzazi wa mtoto mwenye kutapika kwa kurudiarudia naomba alishike hili kabla ya jingine lolote. Kupona mara moja si ushahidi. Ushahidi ni kutorudi.

Kulikuwa na siku mbaya kuliko zote. Mahali fulani mtoto alidungwa sindano ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Plasil. Saa chache baadaye shingo ilimpinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje na maneno hayakueleweka. Waliokuwepo walisema sasa jini limejitokeza. Halikuwa jini. Ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na huwapata watoto na vijana zaidi kuliko watu wazima; hupita yenyewe au kwa sindano nyingine inayoyatuliza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia dawa hiyo kwa watoto chini ya mwaka mmoja, na kwa watoto wakubwa ikaiacha iwe chaguo la pili tu. Mzazi anayeona shingo ya mwanawe inapinda baada ya sindano ya kutapika amrudishe hospitali mara moja na ataje jina la dawa aliyodungwa. Akimpeleka kilingeni, mtoto atapata hofu ambayo haikuwa na sababu, na ndugu watagombana bure.

Mama yetu, yaani bibi wa mtoto, ndiye aliyesema neno lililofungua njia. Tulikuwa tumeketi barazani, wanaume wakitaja hospitali na wanawake wakitaja waganga, naye akasema taratibu: “Mwanangu, huyu mtoto anaugua kwenye furaha tu. Angalia. Idi, anaugua. Wanapotolewa wari, anaugua. Shule inafungwa, anaugua. Fedha za korosho zikitoka, watu wamenunua nguo, ngoma zinalia, yeye yuko mkekani.” Kwa bibi maana ilikuwa wazi: kuna jicho la mtu. Ni nani mwingine angechagua siku za furaha peke yake?

Mimi ni mwalimu, na mwalimu ana kitu ambacho mganga hana wala daktari hana: rejista ya mahudhurio. Nilikwenda shuleni kwake, mwalimu wa darasa akanifungulia rejista ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia. Tukakaa chini ya mwembe, tukaandika kila mahali jina lake lilipokuwa na alama ya kutokuwepo siku mbili au tatu mfululizo. Kisha nikapeleka tarehe zile kwa bibi na dada, na tarehe kwa tarehe tukakumbushana nini kilikuwa kinatokea kijijini.

Bibi alikuwa amesema kweli. Idi ilikuwepo. Unyago ulikuwepo. Kufunga shule kulikuwepo. Lakini rejista ilionyesha na mengine ambayo macho ya bibi hayakuyahesabu kwa kuwa hayakuwa ya furaha: wiki ya mitihani, siku iliyofuata safari ndefu ya kuhani msiba Newala, na asubuhi kadhaa za msimu wa kuokota korosho, ambapo nyumba nzima hutoka kwenda shamba gizani na mtoto hukaa hadi mchana bila kitu tumboni. Furaha na huzuni vilikuwa na kitu kimoja kilichovifunga pamoja. Zote zilikuwa siku za kukosa usingizi, kukosa chakula kwa wakati wake, au moyo kwenda mbio.

Kabla ya kwenda hospitali na karatasi ile ya tarehe, mzee mmoja wa jirani alituuliza swali ambalo kila mtu wa Masasi mwenye umri wangu angeuliza: “Unga wenu wa mihogo mmeutengeneza vipi?” Swali lake lilikuwa na historia. Mwaka 1988, mwaka wa ukame na njaa, watu wa Wilaya ya Masasi waliugua baada ya kula ugali wa mihogo: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, moyo kupiga kwa nguvu, saa chache baada ya chakula. Uchunguzi ulifanywa, na Nicholas Mlingi, mtafiti wa Kitanzania, pamoja na wenzake, akiwemo daktari Msweden Hans Rosling, wakauchapisha mwaka 1992. Mihogo ilikuwa ile michungu, inayostahimili ukame na isiyoliwa ovyo na wanyama waharibifu. Miaka ya kawaida humenywa na kukaushwa juani kwa muda mrefu ikawa makopa, au hulowekwa siku kadhaa ndipo ikauke na kutwangwa. Mwaka ule njaa haikungoja. Akina mama walitumia njia ya mkato waliyoiita chinyanya: mizizi mibichi inatwangwa, inaanikwa, inatwangwa tena, na jioni yake kuna unga.

Mhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo mzizi ukipondwa huvunjika na kutoa sianidi. Sianidi huondoka kwa maji, kwa hewa na kwa muda, na muda ndio waliokuwa hawana. Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani wameweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga. Unga wa haraka wa mihogo michungu huweza kupita hapo mara nyingi. Mwili hujisafisha kwa msaada wa salfa itokayo kwenye protini, kama maharage na samaki, ndiyo maana njaa huumiza mara mbili: inaleta unga mbaya, na inaondoa kitoweo ambacho kingemlinda mlaji. Wanaokula hivyo kwa wiki nyingi huweza kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona, ambao Rosling alikutana nao ng’ambo ya Ruvuma, kaskazini ya Msumbiji, mwaka 1981, na ambao mkoa wetu wa Mtwara nao umeuona mwanzoni mwa miaka ya 2000. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake waliwafundisha akina mama wa Msumbiji njia rahisi ya kuusafisha unga usioaminika: uchanganye na maji, utandaze tabaka jembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha uusonge siku hiyo hiyo. Gharama yake ni maji na subira.

Nimekaa sana kwenye mihogo kwa sababu swali la yule mzee lilitufundisha jinsi ya kuuliza. Walioichunguza Masasi walitaka kujua nani ametapika, wangapi kwa sufuria moja, saa ngapi baada ya kula, na unga ulitengenezwa vipi. Kwa maswali hayo hayo tulijijibu wenyewe. Nyumbani kwa dada wote walikula sinia moja na alitapika mmoja. Alitapika alfajiri, saa nyingi baada ya chakula cha usiku, na alitapika hata miezi ya ugali wa mahindi. Mihogo haikuwa na hatia kwake. Lakini katika nyumba ambayo watapikaji ni watatu na msimu ni wa njaa, jibu litakuwa tofauti, na nyumba kama hizo bado zipo.

Uwanda wetu ulikwisha kuwafundisha madaktari wa dunia somo hili la kuuliza hata kabla ya mihogo. Mwaka 1952 na 1953 homa ya kuvunja viungo iliwaangusha watu wa Newala na Masasi, vijiji kwa vijiji. Daktari Marion Robinson aliandika dalili alizoziona kwa wagonjwa wenyewe, na W.H.R. Lumsden akaandika jinsi ugonjwa ulivyosambaa na kuhusu mbu walioishi majumbani, katika uwanda usio na mito ambako kila nyumba ilihifadhi maji. Maandishi yao yalitoka mwaka 1955, na leo ulimwengu wote unauita ugonjwa ule chikungunya. Kirusi kilipatikana katika damu ya wagonjwa wale wale, lakini watu waliotazama na kuuliza kwa makini ndio waliotambua kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake.

Daktari wa watoto aliyetupokea safari iliyofuata alikuwa mtu wa kuuliza. Aliisoma karatasi ya tarehe mpaka mwisho, kisha badala ya kuanza na mimi niliyekuwa nimevaa shati la kazi, alimgeukia mama yetu: “Bibi, nieleze wewe. Shambulizi likianza, unalijuaje?” Bibi akaeleza uso kupauka, mate, ukimya, kuchukia mwanga. Daktari akamgeukia dada: “Na wewe mama, kichwa hakikusumbui?” Dada alishangaa. Toka utotoni ana kipandauso, nusu ya kichwa, siku nzima ndani ya giza, na mara nyingine anatapika. Bibi naye akasema alikuwa nacho hadi alipokoma hedhi. Hakuna mtu katika milango yote ile aliyewahi kuuliza kichwa cha mama kwa ajili ya tumbo la mtoto.

Alitueleza kwamba madaktari wameujua ugonjwa huu muda mrefu. Samuel Gee wa London aliandika mwaka 1882 kuhusu watoto wanaotapika kwa vipindi na kuwa wazima kabisa katikati. Leo huitwa kutapika kwa mzunguko, na wataalamu huutambua kwa vigezo vilivyoafikiwa kimataifa, vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2016: kwa mtoto, vipindi viwili au zaidi vya kutapika kwa nguvu ndani ya miezi 6, kila kimoja kikidumu saa kadhaa hadi siku kadhaa, vikifanana, vikitenganishwa na wiki au miezi ya afya kamili, na baada ya uchunguzi pasipatikane ugonjwa mwingine wa kueleza. Kwa mtu mzima, vipindi vitatu ndani ya mwaka, viwili kati ya hivyo ndani ya miezi 6 ya mwisho. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Ni ndugu wa kipandauso, na familia nyingi za watoto hawa zina mtu mwenye kipandauso.

Hata hivyo hakutuambia twende nyumbani. Maneno “pasipatikane ugonjwa mwingine” yana kazi ndani yake, na alituonyesha kila kipimo kinatafuta nini. Mkojo na sukari ya damu, kwa kuwa kisukari cha watoto huweza kuanza na kutapika na huua kikidharauliwa. Ultrasaundi ya figo, kwa kuwa njia ya mkojo iliyobanwa huweza kujaa na kuachia kwa vipindi. Eksirei ya utumbo baada ya kunyweshwa dawa nyeupe, kwa kuwa kuna watoto wanaozaliwa utumbo haujakaa mahali pake, ukijisokota na kujisokotoa, na siku moja ukakataa kujisokotoa. Kipimo hicho cha mwisho tulikifuata hospitali kubwa zaidi. Vyote vilitoka salama.

Alitupa pia orodha ya alama ambazo zikionekana, habari ya mzunguko inawekwa kando na mtoto anakimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Matapishi ya kijani kibichi, au yenye damu. Tumbo lililovimba au lenye maumivu makali yasiyoachia. Kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika, au mwendo uliobadilika, au macho yanayoona viwili. Degedege, au mtoto kutoamkika vizuri. Kupungua uzito kati ya mashambulizi. Kuanza kabla ya umri wa miaka 2. Na shambulizi lisilofanana na yaliyotangulia, kwa kuwa mwenye kutapika kwa mzunguko anaweza naye kupata malaria au kidole tumbo kama mtoto mwingine yeyote.

Matibabu aliyotupangia yalikuwa na sehemu tatu, na yaliandikwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani kwa dada.

Ya kwanza ni siku za afya, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Mtoto alale kwa wakati. Asitoke nyumbani asubuhi bila uji, hata kama shamba linasubiri. Asikae saa nyingi na njaa wala kiu. Siku za sherehe ajiandae kwa kulala mchana. Kwa kuwa mashambulizi yalikuwa ya mara kwa mara, alipewa pia dawa ya kinga ya kunywa kila usiku, amitriptilini kwa kipimo kidogo, baada ya kupimwa umeme wa moyo. Wapo watoto wanaopewa propranololi badala yake, isipokuwa wenye pumu, ambao haiwafai, na walio chini ya miaka 5 huwa na dawa yao nyingine. Dukani dada aliambiwa kwamba amitriptilini ni dawa ya wagonjwa wa akili, akarudi nayo analia. Daktari alieleza kwa simu kwamba dawa moja yaweza kuwa na kazi nyingi, na kwamba kwa kipimo kile kazi yake ni kupunguza mashambulizi, kama inavyofanya kwa wenye kipandauso. Muuza dawa na mzazi wote wanahitaji kuambiwa hivyo mapema, kwa kuwa matibabu mengi huishia kwenye kaunta ya duka.

Ya pili ni dakika za mwanzo. Uso ukipauka tu, kabla ya tapiko la kwanza, mtoto apewe kidonge cha ondansetroni kinachoyeyuka mdomoni, kwa kipimo alichopangiwa kulingana na uzito, kisha alazwe chumba chenye giza na kimya, asihojiwe wala asizungukwe na watu. Kwetu mgonjwa huzungukwa. Ndiyo heshima yetu. Kwa mtoto huyu heshima ilikuwa kumwacha alale. Maji ya chumvichumvi, ORS, apewe kijiko kimoja kimoja cha chai kila dakika chache, si kikombe kizima. Akitapika, angojewe dakika 10 na kuanza tena. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa, vinatosha hadi pakiti ipatikane.

Ya tatu ni kujua lini nyumbani hapatoshi. Macho yakizama, mdomo ukikauka, mkojo ukikosekana kutwa, au kila kijiko kikirudi, ni hospitali, kwa dripu yenye sukari ndani yake, na karatasi ile ya ukutani ibanduliwe na kwenda naye. Karatasi hiyo iliepusha mabishano mengi. Mhudumu aliyempokea usiku alisoma jina la ugonjwa, kipimo cha dawa na sindano asiyopaswa kudungwa, akajua pa kuanzia.

Mlinzi wa mpango huu wote alikuwa bibi. Yeye aliyezijua siku hatari kabla yetu sote, ndiye aliyesimama kwenye ngoma na kusema saa 3 usiku, “Huyu anakwenda kulala,” na hakuna kijana aliyembishia. Hirizi haikukatwa. Daktari aliiona, akaendelea kupima mapigo. Nilimheshimu kwa hilo, kwa kuwa bibi aliyevuliwa heshima mbele ya wajukuu asingekuwa mlinzi wa usingizi wa mtu yeyote.

Mashambulizi hayakukoma siku moja. Kwanza yalikuwa mafupi, kisha yakawa machache, kisha dawa ya usiku ikaachwa taratibu kwa ushauri wa daktari. Leo msichana yuko sekondari. Kichwa humsumbua mara chache, kama alivyotabiri daktari: watoto wengi hukua wakaacha kutapika, na baadhi yao hupokea kipandauso cha mama zao. Akipatwa, anajua la kufanya, na analifanya mwenyewe.

Toka wakati ule watu huniuliza, na si kwa watoto tu. Mama mjamzito anayetapika kila kitu na kupungua uzito ana ugonjwa wake, unaotibika, na hapaswi kuambiwa ni deko la mimba. Mtu mzima mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na tumbo lisilosukuma chakula. Kijana anayetapika kwa vipindi na kupata nafuu akioga maji ya moto kwa muda mrefu aulizwe kwa upole kama anavuta bangi. Madaktari wa Australia waliueleza uhusiano huo mwaka 2004, na dawa yake ya uhakika ni kuiacha. Majibu ni mbalimbali, lakini yote huanzia kwenye maswali yale yale.

Naomba basi kila nyumba yenye mtu anayetapika kwa kurudiarudia inunue daftari. Siku ya shambulizi andikeni tarehe na saa lilipoanza, alichokula na waliokula naye, alivyolala usiku uliotangulia, rangi ya matapishi, dawa aliyopewa kwa jina lake, na saa lilipoisha. Andikeni pia nani katika ukoo ana kipandauso. Walimu wenzangu, rejista zenu zina historia za wagonjwa. Zifungueni mzazi anapoomba. Na nyinyi wahudumu wa zahanati zetu, ambao mnaona watu wengi kwa siku na mnafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, ongezeni swali moja kwa kila anayetapika, “Hali hii ilishawahi kumpata? Lini?”, na jibu lake mliandike kwenye kadi ili mwenzenu wa mlango unaofuata alikute. Jibu likiwa ni ndiyo, zaidi ya mara mbili, kwa namna ile ile, msimpe jina la nne la ugonjwa. Mpeni rufaa, na mwambieni mama aje na bibi na daftari.